Daraja la Hammersmith: nyufa, joto, na sensa zilizofunga njia alafu zikaifungua

Tarehe 13 Agosti 2020 Daraja la Hammersmith kule London lilifungwa kabisa. Magari yalishazuiwa tangu tarehe 10 Aprili 2019 na watu walikuwa wameanza kuzoea, ila safari hii walizuiwa hadi waenda kwa miguu, baiskeli, na hata maboti yanayopita chini yake kwenye mto Thames. Hakuna lori lililogonga, hakuna mafuriko, hakuna bomu, na mabomu daraja hili limeyajua maana limetegwa mara tatu, 1939, 1996 na 2000, na bado likasimama. Kilicholifunga ni joto. London ilikuwa imetoka kwenye siku sita mfululizo za zaidi ya nyuzi 34, na nyufa ambazo tayari zilikuwa zinafuatiliwa kwa vifaa zikaonekana zimekua kwa kasi. Mainjinia wakasema watu wote watoke, juu na chini.

Nataka nikichambue hiki kisa taratibu kwasababu kwenye kazi yetu naona watu wengi wanaongelea sensa za nyufa kama kitu unanunua, unabandika, unapokea namba kwenye simu, basi. (Sensa hapa ni kile kifaa cha kuhisi kama kilichopo kwenye gari, sio ile ya kuhesabu watu.) Mi nimefanya ukaguzi wa majengo na madaraja madogo kwa miaka kadhaa na Hammersmith ndo imenifanya nielewe vizuri kwamba ufa ukiutazama tu hausemi kitu, kinachosema ni mwendo wake, na mwendo wake huwezi kuuelewa kama hujajua ni nini kinausukuma.

Daraja lenyewe ni la kuning'inia kwa minyororo. Lilichorwa na Sir Joseph Bazalgette, yule yule aliyejenga mfumo wa majitaka wa London, likafunguliwa 1887 juu ya misingi ya daraja jingine la kuning'inia lililokuwepo pale tangu 1827. Mmiliki ni halmashauri ya Hammersmith na Fulham. Kabla halijafungwa lilikuwa linapitisha magari kama 22,000 kwa siku, kitu ambacho Bazalgette asingeweza kukiwaza maana wakati ule watu walikuwa wanavuka na farasi na mikokoteni.

Sasa sikiliza jinsi linavyobeba mzigo, hapa ndo moyo wa kisa. Minyororo inatokea ardhini upande mmoja wa mto, inapanda mpaka kichwani kwa mnara, inashuka katikati ya mto ikiwa imeshika sakafu ya daraja, inapanda mnara wa pili, alafu inashuka tena kwenda kuzama ardhini upande wa pili kwenye nanga. Kabla ya kuzama ardhini mnyororo unakunja kona, na pale kwenye kona ndo kuna kitako, kitu kizito cha chuma kilichosimama chini yake. Viko vinne, kimoja kila pembe ya daraja. Mnyororo ukikunja unakikandamiza kitako kwenda chini, na kitako kimetengenezwa kwa chuma cha kusubu, kile mafundi wengi wanakiita kasti. Kasti ukiikandamiza haina shida na wewe, itabeba miaka na miaka. Ila ukiivuta au ukiipinda ni kitu kingine kabisa, haina ile tabia ya nondo ya kurefuka na kukupa taarifa kabla ya kukatika, yenyewe inapasuka tu kama kigae. Na kuichomelea ni kazi ya mashaka, joto la kuchomelea lenyewe linaweza kuzalisha ufa mwingine pembeni ya ule unaouziba.

Bazalgette alilijua hilo, kwahiyo juu ya kila kitako aliweka tandiko linalokaa juu ya rola, yani beringi. Mchana jua likiwaka mnyororo unarefuka, tandiko linateleza kidogo juu ya rola, usiku ukipoa linarudi, kitako chenyewe hakiguswi. Piga hesabu uone: chuma kinarefuka kama milimita 12 kwa kila kilomita kikipanda nyuzi moja. Mita 100 za chuma zikipanda nyuzi 20 ni milimita 24, zaidi ya upana wa kidole gumba. Kila mwaka tangu 1887, kila siku, kwenda na kurudi. Rola zikiwa nzima hayo ni mazoezi tu.

Rola zilikuwa zimeganda. Kutu ya miaka zaidi ya mia iliingia ikazishika, haziendi mbele wala nyuma. Sasa mnyororo unataka kusogea, tandiko halisogei, basi nguvu yote inaingia kwenye kitako na kukivuta kwa ubavu, yani kasti inafanyiwa kile kile ambacho haiwezi. Ndo hapo nyufa zilipotokea. Sio magari peke yake yaliyovunja vitako, ni jua na baridi vikisukumana na beringi iliyokufa. Hata ukiondoa magari yote, na waliyaondoa 2019, mnyororo bado unapashwa na jua na kitako bado kinavutwa. Ndomana kufunga kwa magari hakukumaliza tatizo na ndomana wimbi la joto la Agosti 2020 likaleta yale yaliyoletwa. Nilipoelewa hiki kipande nilikaa kimya muda mrefu kidogo, maana nimeshaona madaraja kwetu ambayo nafasi ya kupumulia, ule mwanya unaoachwa ili daraja lipate pa kurefukia likipata joto, imejaa mchanga na lami imepigwa juu yake kana kwamba ni shimo la kuzibwa, na mtu aliyepiga ile lami ameondoka anaamini ametengeneza barabara.

Kitu kingine kinachouma ni kwamba vile vitako vilikuwa vimefunikwa. Watu wa enzi ile walipenda urembo, wakavivalisha maboksi ya kasti yenye nakshi nzuri, na kweli daraja ni zuri, lina ulinzi wa kisheria kama jengo la kihistoria. Ila anayepita haoni kitako, anaona pambo. Mkaguzi naye kama hajapewa ruhusa na hela ya kufungua boksi anaona pambo vile vile. Kwetu pambo ni plasta. Kuna msemo tumelelewa nao wa kuziba ufa kabla hujajenga ukuta, na ni wa kweli kwa maana yake, lakini kwenye ukuta halisi mara nyingi unatumika vibaya: mtu anaita fundi, fundi anapiga plasta na rangi, ufa umepotea machoni na kule ndani unaendelea na safari. Miezi sita unarudi pale pale, na sasa hujui ulianzia wapi wala ulikuwa mpana kiasi gani.

Tuje kwenye sensa zenyewe.

Zamani, na hata leo sehemu nyingi, ukitaka kujua ufa unatembea unabandika kipande cha kioo kukatiza ufa, kikivunjika ujue umetembea. Au unachora mistari miwili ya penseli na tarehe pembeni. Ni njia nzuri na siidharau, imeokoa watu. Tatizo kioo hakikwambii umetembea lini, saa ngapi, kiasi gani, na kama ulirudi baada ya hapo. Na lazima mtu aende akatazame. Kwenye daraja lenye nyufa kwenye kasti huwezi kumtuma mtu akatazame kila saa, na kasti yenyewe haitoi muda wa kusubiri ziara ya Jumatatu ijayo.

Kwahiyo wanaweka vipimo vinavyojisomea. Kuna kipimo cha ufa, kina miguu miwili, mmoja kila upande wa ufa, ukifunguka hata sehemu ya mia ya milimita kinaandika. Unywele wa binadamu ni kama milimita 0.07, upate picha. Kuna geji ya mkazo, ni karatasi nyembamba yenye waya uliokunjwa kunjwa inayogandishwa kwenye chuma, chuma kikivutika waya unavutika, umeme unapita kwa shida zaidi, unapata namba. Kuna kipimajoto, na hiki watu wanakidharau kwasababu ni cha bei rahisi, nitakirudia. Vyote vinaunganishwa kwenye kisanduku cha kukusanya data, na kisanduku kinatuma kwa laini ya simu au kwa redio ya masafa marefu inayokula betri kidogo mpaka kwenye seva, na injinia anaona mchoro kwenye kompyuta akiwa ofisini au nyumbani kwake.

Lakini kwa Hammersmith kilichobeba uzito mkubwa ni masikio. Vitako viliwekewa sensa za sauti zinazosikiliza saa 24. Chuma kikipasuka hata kidogo sana kinatoa mlio, ni wimbi linalosafiri ndani ya chuma chenyewe. Sikio letu linaishia kilohezi 20, yani mitetemo elfu ishirini kwa sekunde, wakati sensa za aina hii kawaida zinasikiliza kwenye kilohezi 100 hadi 300 huko, ambako kelele za watu na upepo hazifiki sana. Ndani ya sensa kuna kijiwe kinachotoa umeme kikitikiswa, ndugu yake yupo kwenye kile kiwashio cha jiko la gesi cha kubonyeza, unabonyeza kijiwe kinagongwa cheche inaruka. Hapa kinagongwa na wimbi la ufa.

Na ukiweka kadhaa unaweza kujua mlio umetoka wapi. Wimbi linakimbia ndani ya chuma kama mita 5,000 kwa sekunde, kwahiyo sensa iliyo karibu inasikia kabla ya ile ya mbali, tofauti ya mita moja ni sehemu ya elfu tano ya sekunde, kompyuta inaishika bila shida na inachora nukta. Nukta zikianza kurundikana sehemu moja hapo ndo unapeleka mtu na taa. Kuna Mjerumani anaitwa Josef Kaiser, 1950 alionyesha kitu ambacho mi nakipenda sana: chuma kikishawahi kubeba mzigo fulani kikatoa mlio, ukikipunguzia alafu ukakirudishia mzigo ule ule kinanyamaza, hakilii tena mpaka uvuke pale pa mwanzo. Chuma kinakumbuka. Sasa geuza upande wa pili, kikianza kulia chini ya mzigo ambao kimeuzoea siku zote, jua kuna kitu kimeharibika upya. Kwenye daraja ambalo halina gari hata moja juu yake, siku ya joto, mlio kama huo unakwambia jambo zito.

Sio kwamba sensa hizi hazidanganyi. Mvua ikipiga chuma inatoa milio. Kutu ikibanduka inatoa milio. Rola iliyoganda ikijitahidi kusogea alafu ikaruka ghafla inatoa mlio mkubwa tu, na hiyo ni habari muhimu lakini sio ufa. Kwahiyo data ya sauti peke yake ukimpa mtu asiyelijua daraja atalifunga kila wiki au atazima alamu kwa kuchoka, na kuzima alamu kwa kuchoka ni jambo la kweli linalotokea kwenye mitambo ya kila aina, usifikiri ni uzembe wa nchi fulani.

Hapa ndo narudi kwenye kipimajoto. Chukua ufa wowote, hata wa ukuta wa nyumba, uwekee kipimo, uache wiki. Utaona mchoro unapanda na kushuka kila siku kama pumzi. Asubuhi uko hivi, saa nane mchana uko vile, usiku umerudi. Mtu akiona ile ya kupanda peke yake, ya saa tatu asubuhi mpaka saa nane, atakimbia. Mwingine akipima asubuhi tu kila siku atasema ufa umetulia, na kumbe kila mchana unafunguka zaidi ya jana. Kwahiyo huchori ufa kwa saa peke yake, unachora ufa kwa joto: kila nyuzi moja ya joto ufa umefunguka kiasi gani. Kama uhusiano huo haubadilishi sura mwezi hadi mwezi, ufa unapumua tu. Ukiona kwa joto lile lile la nyuzi 15 ufa wa leo ni mpana kuliko wa mwaka jana kwa nyuzi 15, basi huo umekua, na hapo ndo unaanza kuulizana maswali na mwenye jengo. Ndo maana mwaka mzima wa data una thamani kuliko sensa kumi za mwezi mmoja, kwasababu unahitaji kuona msimu wa joto na wa baridi vyote.

Na kuna mtego ndani ya mtego: kipimo chenyewe ni chuma, nacho kinarefuka na joto. Usipoangalia unapima kurefuka kwa kipimo chako alafu unaandika ripoti kuhusu daraja. Mainjinia makini wanaweka kipimo cha pili kinachofanana kabisa sehemu ambayo haina ufa, pembeni tu, wanakitoa kwenye hesabu. Wengi wanaruka hili kuokoa hela ya kipimo kimoja.

Tena jingine, data ikikatika. Betri imekufa, laini imeisha kifurushi, panya amekata waya. Mchoro unakuwa mstari mtupu na mtu mwenye haraka anausoma kama utulivu. Mstari mtupu maana yake hujui, na kama hujui kuhusu kasti yenye ufa basi unafanya kama vile alamu imelia. Mi naandika hili kwenye kila mkataba siku hizi na nimeshabishana na wateja kwa sababu yake.

Turudi London. Baada ya kufungwa Agosti 2020 maisha ya watu yaligawanyika. Upande wa kusini ni Barnes, upande wa kaskazini ni Hammersmith, na hospitali ya Charing Cross iko upande wa kaskazini. Watoto waliokuwa wanavuka kwa miguu kwenda shule wakaanza kuzunguka mpaka daraja la Putney au la Chiswick. Septemba 2020 serikali ikaunda kikosi kazi chini ya Baroness Vere, aliyekuwa waziri mdogo kwenye wizara ya usafiri. Mbio za mitumbwi za Oxford na Cambridge ambazo kila mwaka zinapita chini ya daraja hili, za Aprili 2021 zikahamishiwa Ely, corona ikiwa sababu moja na usalama wa daraja sababu ya pili. Na huku nyuma kulikuwa na ugomvi mrefu wa nani alipe, halmashauri, jiji au serikali kuu, siuingii sana lakini nasema wazi kuwa uliumiza watu kuliko nyufa zenyewe, kwasababu wakati wakubwa wanagombania bili mama mwenye mtoto mgonjwa Barnes anazunguka.

Sasa tazama kilichotokea tarehe 17 Julai 2021. Daraja likafunguliwa kwa waenda kwa miguu, baiskeli na maboti. Na zile nyufa zilikuwa bado zipo. Hakuna aliyezichomelea, rola zilikuwa bado zimeganda. Kilichobadilika ndani ya ile miezi kumi na moja kwa sehemu kubwa ni kile mainjinia walichokijua. Vitako vilifunguliwa na kusafishwa vikakaguliwa kwa kina, hesabu zikafanyika upya, sensa zikaendelea kusikiliza usiku na mchana kupitia baridi na joto, na ikawekwa mitambo ya kudhibiti joto, kupooza kunapowaka na kupasha kunapokuwa na baridi kali, ili mnyororo usivute sana. Ikaonekana hali sio mbaya kiasi kilichohofiwa Agosti. Bodi ya wataalamu ikakaa na kusema kwa masharti haya, joto likiwa ndani ya mipaka hii, watu wapite, likivuka tunafunga tena.

Mi nafikiri wengi wanapita haraka kwenye hili. Tumezoea kuiona sensa kama kengele ya hatari, kazi yake kusema kimbia. Hapa sensa zilitoa ruhusa. Bila data ya mwaka ule hakuna injinia mwenye akili timamu angesaini karatasi ya kupitisha watoto juu ya kasti yenye ufa, daraja lingekaa limefungwa mpaka hela za matengenezo zipatikane, na hela zilichukua miaka. Data ndo ilimfungulia mtoto wa Barnes njia ya shule. Lakini pia tazama kwamba data haikufanya hivyo peke yake: kulikuwa na watu wenye jina na mamlaka waliokubaliana mapema namba gani ni ya kufunga, nani anapokea alamu saa tisa usiku, na ana haki ya kufunga bila kumpigia mwanasiasa kwanza. Hicho kipande hakiuzwi na kampuni ya sensa.

Julai 2022 likaja joto ambalo Uingereza haijawahi kuliona, tarehe 19 ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza kwenye rekodi zao. Siku zile minyororo ya Hammersmith ilizungushiwa foili ya rangi ya fedha, inang'aa, ili irudishe jua. Picha zilisambaa na watu walishangaa, daraja limefungwa kama samaki anayeenda kuchomwa. Ila ukishaelewa habari ya rola unaona ni hatua ya akili sana. Huwezi kuzuia joto la hewa, unazuia chuma kisilinywe. Joto la hewa na joto la chuma ni vitu viwili tofauti, chuma cheusi juani kinapita hewa kwa mbali, mtu yeyote aliyekaa juu ya pikipiki iliyoachwa juani anajua. Ndomana kipimajoto unakibandika kwenye chuma na sio kwenye mti jirani.

Matengenezo yenyewe ya kuimarisha yalianza 2022. Wazo lilikuwa rahisi ukilisikia: jaza vitako zege na vyuma kwa ndani ili kasti isibaki peke yake, alafu toa zile rola zilizoganda weka beringi za mpira. Mpira hauna kitu cha kuganda, unapinda wenyewe kufuata mnyororo. Mpango huo ulikadiriwa pauni milioni 8.9 wakati mpango wa mwanzo ulikuwa wa pauni milioni 30. Sisemi bei ilishuka kwa sababu ya sensa, ila naamini huwezi kubuni dawa nyembamba kama hiyo kama hujui kwa uhakika ugonjwa ni upi. Mtu asiyejua anabomoa kila kitu.

Watu wananiuliza, kwahiyo tuweke sensa kila daraja? Hapana, na nitasema kwanini kwa mfano mmoja. Daraja la barabara ya I-35W kule Minneapolis, Marekani, lilianguka tarehe 1 Agosti 2007 wakafa watu 13. Lile lilikuwa linakaguliwa, na wasiwasi wa nyufa ulikuwepo miaka mingi kabla. Uchunguzi ukakuta kosa liko kwenye bati za kuunganishia vyuma, zilichorwa nyembamba nusu ya zilivyotakiwa tangu miaka ya 60, na siku ile kulikuwa na mizigo ya vifaa vya ujenzi juu yake. Ungeweka sensa za sauti kwenye kila ufa uliokuwa unaogopwa, zingekaa kimya mpaka dakika ya mwisho. Daraja jipya lililojengwa pale lilifunguliwa 2008 likiwa na sensa zaidi ya 300 ndani yake, vizuri, lakini sensa inajibu swali lile tu uliloiuliza. Hammersmith walipatia kwasababu kabla ya kuziamini namba walishajua kitako kinavutwa na nini.

Aprili 2025 sakafu ya katikati ya Hammersmith ilifunguliwa tena kwa baiskeli na watu wa miguu. Magari bado. Makadirio ya kulirudisha lote mpaka libebe magari yamefika pauni milioni 250 na hakuna aliyeitoa. Kwahiyo kile kilichoweza kufanywa na vipimo kimefanyika, kilichobaki ni hela na uamuzi.

Mwaka huu niliitwa kutazama ukuta wa bweni la shule moja, ufa umetoka pembe ya dirisha mpaka kwenye lenta. Walikuwa wameshamtafuta fundi wa plasta. Niliomba wasimwite kwanza. Nikachora mistari ya penseli, nikaweka tarehe, nikamwachia mwalimu wa zamu rula ya kupimia nyufa na kipimajoto kidogo cha kubandika ukutani, nikamwonyesha: saa kumi na mbili asubuhi soma ufa soma joto, saa nane mchana soma ufa soma joto, andika vyote vinne kwenye daftari moja, na siku usiyosoma andika kwamba hukusoma, usikisie. Tukakubaliana na mkuu wa shule mbele ya mwalimu kwamba ikifika namba fulani vitanda vya upande ule vinahamishwa siku hiyo hiyo bila kikao. Sasa tuko wiki ya kumi na moja. Nasubiri mvua ziishe tuone jua linasema nini.